Watu wa Ng'ambo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Gitaza, kusini ya Bujumbura, miaka michache baada ya uhuru, patroni, mwenye kampuni, alinipa miwani ya kuzamia akanionyesha ziwa. Sikuuliza kitu. Niliogopa kusema mbele ya watu, na shule niliishia ya msingi. Hata haya nayaandika polepole.

Ninyi vijana mnaovua sasa mnajua ndagala, dagaa wa ziwa hili. Sisi tulikamata samaki wa mawe, wadogo kama kidole, wapelekwe Ulaya wakiwa hai, wafugwe ndani ya masanduku ya vioo. Wavu mmoja tuliusimamisha kando ya jiwe, na kwa wavu wa mkono tukawasukumia humo. Ugumu ulikuwa kuwapandisha. Ukimtoa samaki kilindini kwa haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba, anageuka tumbo juu. Kwa hiyo tulivuta kikapu kidogo kidogo, leo mita chache, kesho nyingine.

Nilihamishiwa Rumonge, chini ya kapita, yaani msimamizi wetu. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Wewe mutoto," alinitania, "hata samaki wanakushinda kusema!"

Patroni alitaka pia samaki wa manjano wa upande wa Kongo, ambao kwetu hawakuwapo. Nilitumwa mimi kuwafuata kwa boti. Tuliwaweka majini, ndani ya kizimba cha neti, wakisubiri safari. Patroni alituonya: "Asitoroke hata mmoja. Wakizaa hapa, hatutajua tena nani ni wa wapi." Katika kazi yetu samaki tuliwaita watu. Hawa tukawaita watu wa ng'ambo.

Ukafika mwaka wa sabini na mbili. Rumonge watu waliuawa, kisha wengine wakapakiwa na askari kwenye malori na hawakurudi. Ilisemwa washambuliaji walivuka ziwa kutoka ng'ambo. Kuanzia hapo, kujulikana kwamba uliwahi kuvuka kulitosha kukuua. Patroni alikuwa Bujumbura. Tulibaki kapita na mimi.

Asubuhi moja nilikuwa majini hadi kifuani, nasugua neti. Kapita akanisalimu kutoka ufukweni, kama kila siku:

"Amahoro! Watu wako wa ng'ambo iko wazima?"

Askari watatu walikuwa wakipita nyuma ya vichanja vya ndagala. Wakasimama.

"Watu gani wa ng'ambo?"

Kapita akacheka, kicheko kikamkatikia. "Samaki, afande. Samaki tu."

"Na nani aliwavusha?"

Nilivuka mimi, mara nne. Nikaendelea kusugua neti. Kapita alinitazama mara moja, akageuka.

"Ni mimi. Huyu anasafisha neti tu, hajui kitu."

"Tutarudi kuwaona hao samaki," akasema mkubwa wao. Wakaondoka naye, bado ameshika kopo la chakula cha samaki.

Niliwaza kwamba wakirudi wakakuta samaki wa Kongo, nitachukuliwa na mimi. Nikakata neti kwa kisu. Samaki hawakutoka; walikuwa wamezoea kizimba. Ilinibidi niwasukume kwa mikono, mpaka wa mwisho akaingia kwenye mawe.

Mchana askari mmoja alirudi.

"Iko wapi samaki?"

Nikamwonyesha neti tupu.

"Kumbe hakuna samaki," akasema. "Kumbe ni watu kweli."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilitaka kusema. Alikuwa ameshapanda barabarani.

Kapita hakurudi.

Baadaye nilifanya kazi Kabonga, chini ya wasimamizi wengine wawili, mpaka masikio yakaharibika kwa kuzamia nikastaafu. Samaki wa manjano wamezaa. Wako kwenye mawe yote ya Rumonge, na ninyi mnawakamata mkidhani ni wa hapa. Mtaalamu mmoja wa ziwa aliwahi kuniuliza walifikaje. Nikasema sijui. Wakati huo hata vita vya baadaye vilikuwa vimekwisha, na hakuna aliyenitisha.

Niliwaleta mimi, nikawaachia mimi. Kapita hakuvuka ziwa hata mara moja. Alikuwa anaogopa mawimbi.