Shamba Lililotupwa Pamoja na Chombo

Mdogo wangu ni mpimaji wa maabara, na mtaani wanamtania kwa jina la Bwana Mkojo. Hakasiriki. Kinachomkasirisha ni kuambiwa kitu kimekufa wakati bado kinapumua. Ndivyo ilivyoingia nyumbani kwetu ile kompyuta: kazini kwake waliitupa kwa kuwa Windows mpya ilikuwa imeielemea, yeye akaibeba kwapani, akaiwekea Linux, mfumo mwingine ulio mwepesi, ikaamka. Wiki nzima alitembea kifua mbele.

Kisha binti yake akataka mchezo wa shamba. Binti huyu tunamwita Wakili, kwa kuwa ukimkatalia jambo atakudai sababu, na sababu yenyewe ataipinga. Alikuwa na miaka tisa, mama yake ana miezi minne tangu afariki, na kwa miezi yote hiyo mtoto hakuwa amedai kitu. Sasa amedai, na mchezo wenyewe umetengenezwa kwa ajili ya Windows tu.

“Kwenye hii yetu hautafunguka,” nilimwambia mdogo wangu.

“Utafunguka, Dada. Linux haijui lugha ya Windows, lakini wakalimani wapo.”

Mkalimani aliyemsema ni programu. Kwa alivyonieleza, kila mchezo inautengenezea folda yake inayojifanya Windows, na mchezo unaingia humo ukidhani uko kwao. Kazi hiyo ilimlia Jumamosi tatu na matusi mengi ya chini kwa chini. Jumamosi ya nne Wakili alipanda mahindi yake ya kwanza, na nikamsikia anacheka. Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake kikoje.

Kwa miaka mitatu, kila likizo, alijenga. Zizi, kinu cha upepo juu ya kilima, ua uliopinda kwa sababu alikataa kusaidiwa. Baba yake, akiwa hayuko kazini, aliketi pembeni akitazama, mikono mapajani. Mtoto akirudi shule ya bweni, hakuna aliyeligusa. “Shamba lina mwenyewe,” mdogo wangu alisema, nami nikacheka, mtu mzima kuwaheshimu ng’ombe wa kwenye kioo.

Mwaka huu, siku kumi kabla ya likizo, akapata wazo la kumfurahisha mwanawe. Mashabiki wa mchezo huo hutengeneza nyongeza zao, modi wanaziita, na moja ilileta ndege na miti ya matunda. Akaiweka. Ikadai faili nyingine, akaiweka nayo, na ile ikadai ya tatu. Mwisho wa yote mchezo ukafunguka giza tupu.

Mtu mwingine angeuliza kwanza. Mdogo wangu ana miaka ishirini maabara, na kule sampuli ikichafuka haioshwi: inatupwa pamoja na chombo chake, unachukua chombo kipya. Akafuta folda nzima iliyotengenezwa na mkalimani, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akaenda kunawa mikono. Naapa, alinawa mikono. Aliporudi mchezo ulifunguka vizuri, picha safi, muziki safi, ukamuuliza kama anataka kuanzisha shamba jipya. Faili za mchezo wenyewe zilikuwa zimehifadhiwa kwingine. Shamba la Wakili lilikuwa ndani ya chombo, ile folda aliyoifuta.

Nilimkuta jikoni ameshika glasi ya maji, hanywi.

“Nimelifuta, Dada.”

“Lote?”

“Lote.”

Nilimpa vidonge vyake vya presha, nikamwambia apige simu shuleni amweleze mtoto ukweli. Akakataa. Kwa siku tisa, akitoka kazini tu, alikaa kulijenga upya shamba la mwanawe kwa kumbukumbu, mpaka ule ua akaupinda vilevile. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kazi ya kunakili naijua nikiiona, na hii ilikuwa safi kabisa. Nikaanza kuamini kwamba itapita.

Wakili alifika Jumamosi asubuhi, akabwaga sanduku lake sebuleni, akaketi kwenye kompyuta, baba yake pembeni. Nilisimama nyuma yao nakunja nguo. Alizunguka zizi, akahesabu ng’ombe, akapanda kilima. Akafika nyuma ya kinu, akasimama hapo muda mrefu.

“Baba, hili umelijenga wewe.”

Akakiri yote, modi, folda na pipa la taka. “Nisamehe, mwanangu. Nimesahau nini? Niambie nikiweke.”

“Hujasahau. Hukukijua. Hapa palikuwa na kaburi la mama.”

Mdogo wangu akainamia kioo, akapatazama.

“Nilimzika huku kwa sababu kule makaburini mlinikataza kwenda,” Wakili alisema. “Mlisema mimi mdogo.”

Aliyesema ni mimi. Siku ya mazishi nilimwacha kwa jirani na katuni, nikajisifu kwamba nimemwepusha na machungu. Baadaye, kila alipoomba kupelekwa, nilisema akikua, mpaka akaacha kuomba. Nikadhani amesahau, na nikafurahi. Niliziweka nguo chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtoto.

Baba yake alisogeza kiti, akashika kipanya. “Lilikuwa wapi hasa?”

“Kushoto kidogo. Hapo.”

Akaanza kuchimba, pole pole, huku mtoto akimwelekeza. Hawakuwa wamemtaja marehemu pamoja tangu afariki, si mbele yangu. Walipomaliza kupanga mawe, Wakili aligeuka.

“Shangazi, kule kwenyewe kukoje?”

Ningeweza kumweleza. Mdomo ninao, kila mtu anajua.

“Kavae viatu,” nilimwambia.

Baba yake alikuwa keshasimama, anatafuta funguo.