Ubao wa Mfereji

Bibi Yunisi wa Gungu amelima mpunga bonde la mto Ruiche miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba msamaha. Hata mchungaji wake kaliacha hilo. Ila mvua ikianza kupiga bati, Yunisi huacha alichoshika na kusikiliza, maana ndani ya mvua ile kuna mtu anakohoa.

Ni Gahungu huyo, jirani yake wa shamba, Mrundi mpole mwenye kifua kibovu. Mwaka wa mafuriko maji yalimkuta kibandani kwake, analinda mpunga usiliwe na ndege. Siku ya tatu wakaukuta mwili wake ziwani, mto unakoishia, kwenye matete.

Tangu hapo mjane wake, Kaneza, huja kila asubuhi kumsaidia Yunisi kazi. Jumamosi moja walikuwa uani wanachambua maharage. Winfrida, mjukuu wa Yunisi aliye mwalimu, alikuwa pembeni akisoma taarifa ya mafuriko yale, ya Kiingereza.

“Wameyaita debacle,” alisema.

“Ndiyo nini?”

“Mambo kuharibika yote kwa mpigo, bibi. Neno la Wafaransa. Zamani lilikuwa kuondoa kizuizi, tuseme komeo la mlango. Baadaye wakalitumia kwa barafu iliyoziba mto ikipasuka, maji yakashuka yote pamoja.”

“Na aliyeondoa kizuizi, wamemwandika jina?”

“Nani tena? Ni neno tu, bibi.”

Kaneza akacheka. “Mama naye, mvua ya Mungu anaitafutia mwenyewe.”

Yunisi akainuka, akaingia ndani. Alirudi na ubao wa mninga uliokaukiwa na tope, ule wa kuzibia mfereji kati ya mashamba yao, akauweka mbele ya Kaneza.

“Mpunga wangu ulikuwa unazama,” alisema. “Niling’oa ubao huu alfajiri ile ya mafuriko. Maji yakaja kwenu.”

Kaneza aliugeuza ubao, akaugeuza tena.

“Ulijua yumo?”

“Nilimsikia anakohoa. Nikasema, si yuko macho, atatoka.”

Kaneza akangoja. Yunisi alilitafuta neno la kuomba msamaha, asilipate. Kaneza akajitwika ubao, akaenda zake nyumbani Katubuka bila kuaga.

Jumapili hakuja. Jumatatu mvua ilipiga bati, na Gahungu alikohoa vilevile. Kulipokucha Yunisi alivaa kanga ya kanisani, akashika njia ya Katubuka kwa miguu, akilirudia lile neno chini chini, asije akalisahau mlangoni.