Togwa Iliyogoma Kulainika

Enzi za Mwingereza, sisi watoto wa kijiji cha Mnyambe tuliujua utamu wa togwa kabla ya kuijua sukari. Nimechoka sasa, mengi yamenitoka kichwani, lakini harufu ya kimea cha uwele kikianikwa bado naisikia. Mama aliloweka uwele, akaufunika kwa majani mpaka ukachipua, kisha akaukausha na kuusaga. Unga huo kidogo uligeuza chungu kizima cha uji mzito kuwa kinywaji chepesi, kitamu.

Nilipokuja kuwa mwalimu, niliwafundisha watoto wa sekondari kwamba ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Kwenye baridi hufanya kazi kivivu. Joto likipanda huchangamka. Likizidi, huharibika kabisa. Mama alipima kwa kidole. "Kidole kikikimbia, na kimea kitakimbia," alisema.

Siku kaka yangu Stefano alipotoka jandoni, Mama alikuwa hoi. Alishuka bondeni alfajiri, maana kwetu juu maji hakuna, akapanda mlima na mtungi kichwani. Akapika uji, akaenda kujinyoosha. Shangazi, aliyekuwa na haraka ya ngoma, akamimina kimea chote uji ukiwa bado unatokota. Tukangoja, wapi! Uji ukabaki mzito, hauna ladha. Na mama asiye na togwa ya kumpokea mwanawe angesemwa mpaka kwa wajukuu.

Kumwaga haikuwezekana, nani angeshuka tena bondeni? Mama akajifunga kanga, akaenda kwa Mama Hadija, jirani waliyekuwa wamenuniana naye tangu wagombee zamu ya maji.

"Mama Hadija, nimeshindwa. Stefano anatoka leo, kimea kimeungua."

"Kwani Stefano si wangu pia? Kilichobaki ndicho hiki. Shika."

Ilikuwa konzi moja tu. Kimea kidogo kwa uji mwingi huchelewa: kila kimeng'enya kina kazi tele, na ukiongeza uji hakiongezi mwendo. Kilichobaki ni kukitunzia joto. Uji ulipopoa kidole kikavumilia, Mama akakitia, akakoroga, akakifunika chungu kwa blanketi, akaketi amekikumbatia.

Vigelegele vilipoanza, uji ulikuwa umelainika. Stefano aliingia amenyolewa, anang'aa mafuta. Mama alikuwa amelala, mikono imezunguka chungu. Shangazi alitaka kumwamsha, Stefano akamzuia. Akachota mwenyewe, akanywa taratibu, huku analia.

Wajukuu zangu wanatoka jandoni siku za likizo, wananunuliwa kreti za soda, na kabla ya adhuhuri kila mtu yuko kwake. "Bibi, mlikuwa mnasubiri nini kutwa nzima?" wananiuliza. Ninacheka, hao hata kungoja chai ipoe wanaona wanaonewa. Lakini Mama hayupo, Stefano hayupo, na mimi nimechoka. Siku hizi chochote ninachoagiza naletewa papo hapo. Nikigeuka nimshukuru aliyeleta, keshaondoka.