Feruzi Wawili

Hakuzaliwa akiitwa Feruzi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mumewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alilitumia siku za ugomvi tu. Jina la Feruzi lilitoka kwenye unga wa rangi. Marehemu baba yake, fundi rangi kabla yake, alikuwa akiununua kwenye makopo, jina limeandikwa juu ya kifuniko. Unga wenyewe si buluu, si kijani. Ukitia kidogo kwenye rangi nyeupe, ukuta unakuwa kama maji ya kina yaliyopigwa na jua. Ukizidisha, chumba kinageuka pango. Binti aliupenda tangu utotoni. Alipoanza kazi mwenyewe, kila mlango aliokabidhiwa aliupaka feruzi, labda mwenye nyumba amkataze kwa kelele. Watu wakamwita kwa rangi yake, naye hakuona ubaya. Jina hilo akaliandika ubavuni mwa ngazi kwa herufi kubwa: FERUZI, FUNDI RANGI.

Kutulia hakujui. Akila, anakula akitembea. Akizungumza nawe, macho yanapekua kuta zako kutafuta palipobanduka. Mama mkwe wake alizoea kusema nyumba ile ina saa mbili, moja ya betri na nyingine ya miguu.

Basi ikaanza tamthilia. Ilirushwa jioni, saa ambayo kila nyumba ina mtu mbele ya televisheni, na ndani yake mlikuwa na mwanamke mrembo, mwenye sauti ya asali, anayevunja ndoa za watu na kutia vitu kwenye chai. Jina lake Feruzi. Haukupita muda, jina likawa kwenye kila mdomo. Mwanamke akijipamba kupita kiasi, ni feruzi. Bosi akimpendelea karani fulani, karani huyo ni feruzi. Kukawa na kanga za feruzi, vifuniko vya simu vya feruzi, rangi ya kucha ya feruzi.

Mwanzoni fundi alicheka. Akipita na ngazi begani, wauza duka walimpigia kelele: "Feruzi! Waume zetu uwaache!" Naye akajibu, "Huyo wako hata kwa bure simchukui!" Wote wakavunjika mbavu.

Kicheko kilikauka siku alipokwenda kupaka chumba cha kulala cha bibi harusi mmoja. Alikuta mlango umefunguliwa nusu.

"Dada, samahani," bibi harusi alisema, akitazama ngazi badala ya uso. "Tumempata fundi mwingine."

"Si tulikubaliana jana? Nimeshachanganya rangi."

"Najua. Lakini mama yangu anasema... si unajua mambo ya majina. Ndoa yenyewe bado changa."

Fundi akainua ndoo yake, akaondoka. Baada ya hapo wakafuata wengine. Huyu amesafiri, yule amebadili mawazo, mwingine hapokei simu. Nyumbani akawa hatulii kabisa. Anafungua dirisha, analifunga. Anakwenda dukani kununua chumvi, anarudi bila chumvi.

"Badilisha jina, wifi," alimshauri dada wa mumewe. "Jiite kitu cha heshima. Jiite Mama Rangi."

"Nibadilishe mimi? Mimi nilikuwepo kabla yake!"

"Basi nenda ukamwambie yeye."

Wifi alikuwa anatania. Asubuhi iliyofuata fundi alivaa ovaroli yake iliyojaa madoadoa, akaenda hadi kwenye ghala kuukuu lililogeuzwa studio ya tamthilia hiyo. Mlinzi alimwuliza anamtaka nani.

"Mwenye kuandika hiyo tamthilia. Mwambie Feruzi amefika."

"Feruzi yuko ndani, anapakwa poda."

"Huyo ni wa uongo. Wa kweli ndiye mimi."

Mlinzi alicheka hadi akasahau kumzuia. Mwandishi, kijana mwenye miwani na macho ya mtu asiyelala vizuri, alipoiona ile ovaroli alishika kichwa.

"Mungu wangu. Ni wewe! Nilikuwa napanga chumba mtaa wa pili kutoka kwako. Nilikuona juu ya ngazi, unagombana na ukuta kama mtu na mkwe wake. Jina likanikaa."

"Ukaona unifanye mvunja ndoa?"

"Nilichukua jina tu, dada. Jina zuri. Sikufikiri lina mtu."

"Lina mtu, na huyo mtu hana kazi."

Kabla kijana hajajibu, mwigizaji alitoka chumba cha kujipodoa, uso nusu umepakwa, nusu bado. Alikuwa amesikia yote. Aliketi, akainuka, akaketi tena. Fundi akamtambua kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote: huyu naye hajui kutulia.

"Wewe wamekunyima kazi," mwigizaji alisema. "Mimi jana muuza nyanya kanimwagia maji ya kuoshea nyanya. Mwanangu haniruhusu nimfuate shule. Twende sokoni, dada. Sasa hivi. Peke yangu naogopa."

Wakaenda, wameshikana mikono, mmoja ananukia poda na mwenzake tapentaini. Watu wakawazunguka. Mwigizaji akapaza sauti: "Mnamtafuta Feruzi? Huyu hapa! Mimi naigiza tu, nyumbani nina mume mmoja na ananichosha!" Sehemu ya soko ikaangua kicheko. Muuza nyanya hakucheka, ila hakumwaga maji. Mzee mmoja alitema chini akaondoka. Wengine walitoa simu, wakapiga picha.

Kazi zilirudi, na zilirudi kwa fujo. Kila mtu sasa alitaka ukuta wa feruzi uliopakwa na Feruzi mwenyewe, na apige naye picha. Alipaka sebule, saluni, baa, hata banda la kuku. Rangi aliyoipenda maisha yake yote ikaanza kumkinaisha. Tamthilia ilipofika mwisho na yule mwanamke akafa gerezani, majirani wawili walimpa pole kwa dhati kabisa. Alizipokea, akawashukuru kama mfiwa. Msimu uliofuata ikaja tamthilia nyingine, na wateja wakaanza kuomba rangi ya majivu.

Jumapili moja alikuwa amekaa chumbani na mumewe, televisheni imezimwa, barabarani hakuna anayemwita. Mume alimwambia, "Leo pumzika, mama watoto." Akajitahidi. Kisha akainuka, akashika kitanda akaanza kukivuta kutoka ukutani.

Fundi cherehani alishusha pumzi, akaweka sindano kando.

"Rangi gani safari hii?"

"Sijui bado. Shika huko kwako."