Tope nililolimwaga kila Jumamosi, na asumini za Bi Zuwena

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, nanyi vijana habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu, leo nimeamua na mimi nifungue uzi. Yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Ni enzi za Ujamaa. Sukari foleni, sabuni foleni, na kila mtu ni Ndugu, hata bosi wako.

Bosi wangu alikuwa Ndugu Mrope, mtaalamu wa samaki. Mimi msaidizi wake wa maabara mwenye cheti kipya, binti wa Kichaga nimetoka Moshi juzi tu, nimepanga chumba Kariakoo kwa Bi Zuwena. Huyu alikuwa mama wa Kiarabu, mjane, mzaliwa wa hapo hapo mjini.

Sasa, bonde la Msimbazi kulikuwa na dimbwi la mvua lenye samaki wa urefu wa kidole. Dume lake ni jekundu na buluu mpaka unasema limepakwa rangi. Wazungu wanawafuga wa jamii hiyo sebuleni kwenye matangi ya kioo.

Ndugu Mrope alizunguka bonde zima, hakupata wengine wenye rangi ile. Na dimbwi lenyewe lilikuwa limeshapangiwa kufukiwa, lijengwe godauni.

Tukawahi kabla ya malori ya kifusi. Tukapata samaki kumi na wawili, tukachota na gunia la tope.

Maji ya bomba ofisini yalikuwa na dawa, tena yanakatika kila mara. Kwa hiyo nikawafuga nyumbani, kwenye chupa pana za kioo, kwa maji ya mvua ya pipa la Bi Zuwena.

Ndugu Mrope akapelekwa Mwanza kikazi, miezi miwili na ushee. Aliniagiza jambo moja: "Ndugu Rosemary, wawekee tope chini, halafu uliache."

Jamani, niache uchafu? Mimi niliyelelewa na mama anayesugua sufuria kwa majivu mpaka unajiona sura? Nikasema huyu mwanaume, usafi ataujulia wapi.

Basi kila Jumamosi namwaga tope kwenye ndoo, nasugua chupa, naweka tope jipya kutoka kwenye gunia. Ndoo naiacha mlango wa uani, anayekwenda mtaroni anaimwaga. Nani anaimwaga, sikuwahi kuuliza. Nilijiona mfanyakazi bora kabisa.

Samaki wakaanza kufa. Mmoja, kesho wawili, wiki ijayo mwingine. Wakabaki dume na jike, migongo imepinda, hawali. Siku mbili kabla bosi hajarudi, na hao wakafa. Nililia kama nimefiwa na ndugu.

Ndugu Mrope alipofika hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda pale uani, akasema taratibu, "Hawa wanaishi msimu mmoja tu, hata uwatunze vipi. Wanataga kwenye tope. Dimbwi likikauka, mayai yanasubiri mvua. Tope liko wapi?"

Nikamwambia limekwenda mtaroni, kila Jumamosi, mpaka gunia likaisha. Yule baba akavua miwani, akawa anaifuta kwa shati, anaifuta tu, haivai.

Bi Zuwena alikuwa pembeni anachambua mchele. "Mtaroni wapi?" akasema. "Tope zuri vile nilimwage? Nimelitia kwenye madebe yangu ya asumini."

Wakuu, hapo ndipo furaha ilipoingia na uchungu wake. Madebe yalikuwa manne, na asumini zile zilipandwa na Rahma, binti yake wa pekee, aliyefariki wakati wa kujifungua. Kila jioni Bi Zuwena alizimwagilia, anaongea nazo.

Ndugu Mrope akaeleza kwamba tope likimwagiliwa kila siku mayai yataoza. Lazima litolewe likauke, libaki na unyevu kidogo tu mpaka Vuli. Na mizizi ilikuwa imeshalishika lote.

Nikamshika mkono. "Bi Zuwena, usifanye. Hizi ni za Rahma."

Akautoa mkono wangu. "Rahma hayumo kwenye debe, mwanangu. Hawa wamo."

Akazing'oa mwenyewe, moja baada ya moja. Tulizihamishia kwenye udongo mwingine, hazikushika. Nilimwona anakwenda chumbani huku ananusa viganja vyake.

Tope tukalianika kivulini juu ya jamvi, kisha akalifunga kwenye khanga na kuliweka chini ya kitanda chake. Ukipita anakwambia usikanyage kwa kishindo.

Vuli ikaja. Tukatia tope kwenye beseni, tukamwagia maji ya mvua. Mchana kutwa, hola. Nikamwambia, "Nisamehe, asumini zako zimekufa bure."

"Hebu tulia. Una haraka wewe!"

Asubuhi yake, baada ya sala, akanigongea. Ndani ya beseni kulikuwa na vitu vyembamba kama kope, vina macho, vinatetemeka. Bi Zuwena aliinama mpaka pua iguse maji. "Karibuni," akawaambia. Nikashindwa kujizuia, nikalia.

Tuliwalea kwa viluwiluwi vya mbu, huku tunamkwepa bwana afya. Walipokua, Ndugu Mrope akawapeleka wengi kwenye madimbwi ya mbali, kusikojengwa. Wachache akabaki nao Bi Zuwena. Kila msimu wakifa, anaanika tope, anangoja mvua, anawapata wengine.

Mimi nikaolewa, nikahamia Morogoro. Miaka ikapita, nikaletewa taarifa ya msiba wake, nimeshachelewa maziko. Nilipokwenda kuhani, mpwa wake akanikabidhi furushi la khanga. Ndani tope, bado lina unyevu, na kikaratasi cha herufi za Kiarabu. Nikamwomba anisomee.

"Amana ya Rosemary. Lowesha mvua ikianza."

Nililowesha. Walitoka.

Funzo langu ni hili: mwenye cheti cha samaki nilikuwa mimi, na aliyewaokoa ni mama aliyekuwa anachambua mchele. Ukiambiwa uache kitu, uliza kwanza kwa nini kabla hujashika dodoki.

Kama umewahi kulea kitu ambacho wenzako waliona ni uchafu, tia neno hapa chini. Nitasoma yote, macho yakiruhusu.