Gambuti Chini ya Shuka

Juzi nilimwona mtoto akirekodi miguu ya dadake kwa simu, na wivu wa zamani ukanirudia. Mchana mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, tulikuwa tukichagua mchezo wa kutisha ambao darasa letu lingeigiza. Wangu nilikuwa nimeunakili upya mara tatu. Nekesa, ambaye kwao Amalemba kulikuwa na televisheni, hakuandika kitu. Alisema tu muuaji aonekane miguu pekee.

"Televisheni yenu ni ndogo, inakata watu," nikamcheka. Sikujua kwamba kamera huficha makusudi.

"Wewe ongeanga tu. Ngoja uone."

Wasichana wawili waliotanda shuka kama pazia mbele ya darasa wakaiinua polepole hadi usawa wa magoti. Gambuti zenye matope, zikinuka molasi, zikaja zikikanyaga, chwa, chwa. Darasa zima likapiga mayowe. Yangu yalitangulia, na hilo sijamsamehe Nekesa.