Taya Halikuwa Ajali

Mtu wa kwanza kumpiga mume wangu siku ile alikuwa mwanamke. Alimzaba kofi mume wangu akiwa bado nyuma ya usukani, mguu umebanwa, macho yamemtoka kwa maumivu. Baada ya kofi lile mlango ulifunguliwa na mikono mingi ikaingia.

Tulikuwa tumetoka Kasulu tukielekea Kibondo. Yeye alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka na lori pale mjini, na siku hiyo mwenye lori alikuwa ameniruhusu nipande nikawasalimu wazazi wangu. Nyuma tulibeba chumvi na mabati. Ulikuwa ule mwaka watu walipotolewa vilimani kwa amri ya serikali wakapangwa kando ya barabara, nyumba mistari mistari, nyasi za mapaa bado mbichi. Watoto waliozoea kusikia gari kwa mbali tu, ng'ambo ya bonde, sasa walikuwa wanacheza karibu kabisa na magurudumu.

Tulipoingia kijiji kimoja cha upande wa Nyakitonto, mtoto wa kike wa kama miaka sita alikatiza barabara akimfukuza mbuzi. Mume wangu alikata kona kali. Bampa ilimgonga mtoto nyongani, akarushwa kwenye majani, na lori likatumbukia mtaroni. Hapo ndipo mguu wa mume wangu ulipovunjika. Mimi niligonga kioo kwa paji la uso, nikawa naona kwa jicho moja tu, la pili limejaa damu.

Walimvuta nje kwa ule mguu uliovunjika. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile aliyoitoa.

Nilipiga kelele kwa Kiha kwamba sisi ni wenzao, kwamba mume wangu ni mtu wa Heru Juu, kwamba mtoto alikatiza mwenyewe. Wanawake wawili wakaniangusha, mmoja akanikalia mgongoni. Nikiwa shavu chini nilimsikia mwanamume akisema, "Ni huyu. Ndiye aliyetubeba."

Ilikuwa kweli. Miezi michache kabla, lori lile lilikodiwa kuhamisha watu, na mume wangu ndiye aliyeliendesha. Mgambo waliezua mapaa, watu wakapakiwa na kuku wao na vyungu vyao, na bibi mmoja alifia humo njiani kabla hawajafika. Mume wangu alinisimulia mara moja tu. Sasa watu wale wale walikuwa wamemzunguka. Walimpiga kwa mateke, kwa mipini ya majembe, kwa mawe. Baba wa yule mtoto alikuja mbio kutoka uani akiwa na mchi wa kutwangia. Aliunyanyua kwa mikono yote miwili, na nilisikia taya la mume wangu likivunjika kama kuni kavu.

Aliunyanyua tena. Naamini angemuua, ila kule kwenye majani mtoto alilia. Walikuwa wanadhani amekufa. Watu wote walimwacha mume wangu pale chini, wakakimbilia kilio.

Gari la wamisheni lililotokea Kibondo ndilo lililotuchukua, mtoto na mama yake upande mmoja, mume wangu na mimi upande mwingine, hakuna aliyemtazama mwenzake. Hospitali ya serikali ilikuwa bure, lakini hapakuwa na mtu wa kuunga taya wala nyonga. Tukapelekwa ya misheni, ambako kulikuwa na daktari Mzungu aliyeweza kazi hiyo, na ambako kila kitu kilikuwa cha kulipia. Alimfunga mume wangu meno kwa nyaya, ya juu na ya chini, akawa anakunywa uji kwa mrija kupitia pengo la jino lililong'oka. Hakuweza kusema neno.

Kuhusu malipo sikuwa na wasiwasi mwanzoni. Lori lilikuwa na bima, na mwenye lori aliniambia niache bima ifanye kazi yake. Baada ya wiki nyingi alikuja hospitalini mwenyewe, kanzu imejaa vumbi la safari. Tulisimama nje ya wodi.

"Mwanangu," alisema, "bima wamelipa nyonga ya mtoto, yote. Wamelipa na mguu wa mumeo. Taya hawalipi."

"Kwa nini, mzee?"

"Wanasema mguu ni ajali. Taya ni ugomvi. Na mbavu ni ugomvi, na figo iliyochubuka ni ugomvi."

"Hakugombana na mtu. Alipigwa."

"Nimewaambia hivyo hivyo." Alitazama chini. "Naweza kukukopesha, lakini itabidi nimkate mshahara. Na sijui kama atawahi kuendesha tena."

Karani wa hospitali alinitajia kilichobaki. Kilizidi mshahara wa mume wangu wa mwaka mzima. Niliketi kwenye ngazi za wodi nikajaribu kufikiri tuna nini. Shamba halikuuzika, ardhi haikuwa tena kitu cha kuuza. Kahawa ilikuwa changa mitini. Mkopo wa mwenye duka ungetufanya watumwa wake. Nilikuwa nimeolewa miaka minne, na mahari yangu mwenyewe ilikuwa bado haijaisha kulipwa.

Shemeji zangu wawili, kaka na mdogo wa mume wangu, walikuja Jumapili. Nikawaeleza. Yule mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa.

"Aliyevunja ndiye alipe," alisema.

"Hatalipa," nilisema.

"Sikusema tukamwombe."

Niliwaambia waende. Nilikuwa nimemlisha mume wangu kwa mrija miezi miwili, nikimwona akilia bila kufungua mdomo, na niliwaambia waende.

Walirudi na ng'ombe wawili. Shemeji mkubwa alikuwa amekatwa sikio kwa panga, limebaki linaning'inia, shati zima limeganda damu. Mdogo alisimulia huku akicheka na kutetemeka. Walikwenda mchana kweupe. Baba wa mtoto aliwatokea na panga, shemeji mkubwa akampiga mkono kwa rungu hadi mfupa ukalia, na walipotoka na ng'ombe kijiji kizima kiliwafukuza kwa mawe mpaka mtoni. Sikio lilishonwa pale pale, na karani akaandika gharama nyingine juu ya jina letu. Ng'ombe walifungwa kwenye mkaratusi nyuma ya banda la kupikia la hospitali, wasubiri mchinjaji kutoka Kasulu.

Banda lile ndilo tulilopikia sote tuliouguza. Mama wa yule mtoto alikuwa na mafiga yake pembe moja, mimi pembe nyingine, na kwa miezi miwili hatukuwa tumesalimiana. Jioni ile aliinuka kuchota maji, akawaona ng'ombe. Alimwendea yule mwekundu akamshika pembe, akamwita jina lake taratibu, na ng'ombe akageuza kichwa. Kisha akarudi bandani, akachomoa kuni inayowaka kwenye moto wake, akanijia.

Niliikinga kwa mkono. Kovu lake ninalo. Tuliangukiana juu ya mafiga, chungu chake cha maharage kikamwagika, tukang'atana, nikamvuta nywele mpaka zikabaki mkononi. Wanawake wengine walipiga yowe lakini hakuna aliyethubutu kuingia. Nakumbuka alikuwa akisema neno moja tu, "Maziwa, maziwa," na sikuelewa mpaka baadaye, kwamba yule mwekundu ndiye aliyekuwa akikamuliwa, na dada yake alikuwa akileta maziwa hayo kibuyuni kila alipopata usafiri, kwa ajili ya mtoto.

Aliyetutenganisha ni mume wangu. Alitoka wodini kwa magongo yake. Hakuweza kusema, kwa hiyo alipitisha gongo katikati yetu na kutusukuma kama mtu anayetenganisha mbwa. Akatazama ng'ombe. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa amekaa na kichwa kimefungwa bendeji. Akapiga hatua, akainua gongo, akampiga nalo begani kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaanguka yeye mwenyewe. Pale chini alinyoosha kidole kwa ng'ombe, kisha barabarani. Kaka yake hakurudisha. Alilia kama mtoto.

Ng'ombe walirudishwa kesho yake. Shemeji mdogo aliwaswaga, katibu wa kijiji akimsindikiza ili asiuawe.

Deni likabaki pale pale, na bei ya sikio juu yake. Mume wangu ndiye aliyeamua namna ya kulilipa. Hospitali ilikuwa na lori la kubebea dawa na wagonjwa, na dereva wake alikuwa ameondoka. Siku nyaya zilipofunguliwa, kabla hajala chochote, alikwenda kwa sista mkuu na kumwambia, kwa taya lililokakamaa na maneno yaliyotoka nusu nusu, "Nitaendesha. Msinilipe mpaka deni liishe."

Sista alimuuliza kama mguu utakanyaga klachi.

"Utakanyaga," alisema.

Nilimkatalia. Nilimwambia njia za hospitali zinapita vijiji vile vile, na safari hii hawatamwacha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Unayo njia nyingine?" aliuliza.

Aliendesha zaidi ya mwaka bila kupokea kitu, nasi tuliishi kwa mihogo ya Heru Juu na vibarua vyangu vya kupalilia. Safari za kwanza walimrushia mawe, kioo cha pembeni kikavunjwa. Alifunga dirisha akaendelea. Kisha mvua kubwa zilipoanza walimsimamisha, watu wengi katikati ya barabara, na utingo wake aliniambia kwamba yeye alishika spana tayari kupigana. Walikuwa wamebeba mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Baba wa yule mtoto alikuwa miongoni mwa waliomwinua, kwa ule mkono wake mmoja ambao haukuvunjwa na rungu. Mume wangu alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akawaonyesha pa kumlaza. Hawakusemezana. Mwanamke alipona, mtoto hakupona. Mawe hayakurushwa tena.

Yule msichana alitembea, akichechemea kidogo. Mama yake na mimi tulikutana miaka miwili baadaye kwenye mnada Kibondo, tulikokuwa tumehamia. Alitazama kovu la mkono wangu, akaniuliza kama nyumbani hawajambo, nikamjibu hawajambo, akanunua chumvi yake akaondoka.

Mume wangu hakuwahi kuongelea ule mchi. Mchana alikuwa mpole kuliko wanaume wengi. Lakini usingizini alipigana. Alipiga ngumi na mateke, akinguruma kwa meno yaliyobanwa kana kwamba bado yamefungwa nyaya, na zaidi ya mara moja niliamka mdomo umepasuka, naye hajui kitu. Asubuhi akiona damu kwenye shuka alitoka nje na hakunywa chai. Basi nilianza kulala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake, nikimshika ule mguu uliounganishwa ili nijue anapoanza.

Tulilala hivyo mpaka tulipozeeka.